Siku Nilipompa Baba Mkwe Cheo Kwenye Kompyuta

Nilipaswa kusema hapana pale pale, nikiwa nimesimama mlangoni mwa chumba cha kompyuta na kikombe cha chai mkononi, lakini nikasema, "Sawa, baba." Maneno mawili tu. Aibu iliyozaliwa na maneno hayo mawili naibeba mpaka leo, na siibebi peke yangu, maana kuna mama mmoja anauza dagaa pale Mirongo ambaye kila akiniona napita na fimbo yangu hupaza sauti, "Jamani, orodha imetoka!" na wenzake wote wa rika lake huangua kicheko mpaka wanashika mbavu. Nami hucheka pia. Nitafanyaje? Nimezeeka, na mtu akizeeka aibu zake huwa mali ya watu wote.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, viwanda vya zamani vinapunguza watu na vipya vinafunguliwa. Mimi nilikuwa karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kule Magu, nikapunguzwa, nikaja Mwanza na cheti changu cha kidato cha nne, nikapanga chumba Mkolani, nikasoma kompyuta miezi sita, kisha Mungu si Athumani nikaajiriwa kwenye kiwanda cha minofu ya sangara pale ufukweni (jina lake sitalitaja, na hata nikilitaja halitakusaidia, maana kimebadilisha wenyewe mara nyingi). Nilikuwa na miaka thelathini na kitu na sijaoa, jambo ambalo mama yangu alilihesabu kama ugonjwa.

Kazi yangu ilikuwa kulinda seva. Seva ilikuwa mashine moja kubwa iliyokaa kwenye chumba chenye kiyoyozi, chumba pekee kiwanda kizima ambacho hakikunuka samaki, na ndani yake kulikuwa na hifadhidata, yaani daftari kubwa la umeme lenye jina la kila mfanyakazi, kila mtumbwi ulioleta sangara na kila kreti ya barafu. Nilikipenda chumba kile kuliko kitanda changu. Nilikuwa nafika kabla ya wakati wangu, nafuta vumbi ambalo halipo, nasikiliza feni za ile mashine zikivuma, najiona rubani.

Kitu nilichokipenda zaidi ni kazi za ratiba. Unaipangia mashine kazi na saa, halafu unaondoka zako, na saa ikifika inaifanya yenyewe bila mtu kugusa kitu. Iliyokuwa muhimu kuliko zote niliipa jina ORODHA YA GETI (majina ya kazi zote niliyaandika kwa Kiswahili, kwa majivuno tu, nakiri kabla hujaniuliza). Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, printa iliyokuwa kwenye kibanda cha askari getini ilipiga kelele kama mbuzi anayechinjwa na kutoa karatasi ndefu yenye majina ya vibarua wa siku hiyo, karibu mia tatu, wengi wao akina mama. Jina lako limo, unaingia. Halimo, unarudi nyumbani. Zamani orodha iliandikwa kwa mkono, watu wakawa wanachomeka majina ya shemeji zao, ndiyo maana meneja akaamuru kwamba karatasi isiyotoka kwenye printa ile si karatasi. Askari wa geti, mzee mmoja mstaafu wa jeshi tuliyemwita Afande, alilishika agizo hilo kama kiapo.

Sasa, kwenye seva kila mtu alikuwa na cheo chake. Kulikuwa na mtazamaji, huyu anaona kazi zote lakini hagusi. Kulikuwa na mwendeshaji, anaweza kuwasha na kuzima kazi lakini hawezi kubadilisha saa yake. Na kulikuwa na msimamizi mkuu, anafanya lolote, na huyo nilikuwa mimi peke yangu. Fundi kutoka Dar aliyetufungia mashine aliniambia siku anaondoka, "Deo, cheo humu ndani si heshima, ni funguo. Mpe mtu funguo za mlango anaoutumia, basi." Nikaandika kwenye daftari langu, nikapigia mstari mara mbili. Daftari ninalo mpaka leo. Mstari haukunisaidia.

Mwendeshaji alikuwa Leokadia, binti wa Bukoba, mwepesi wa akili na mwepesi zaidi wa mdomo. Mtazamaji alikuwa Mzee Masunga, msimamizi wa zamu, mtu aliyewahi kuwa mkubwa kwenye ushirika, mrefu, anayekohoa kabla ya kusema ili watu wanyamaze. Na Mzee Masunga ndiye aliyekuwa baba wa Kabula.

Kabula ndiye niliyemtaka. Barua ya uchumba ilikwisha pelekwa, ikapokelewa, tukawa tunasubiri atuambie siku ya wajomba zangu kwenda kuzungumza mahari. Kwa hiyo tayari alikuwa mkwe, na kwetu mkwe hutazamani naye macho kwa macho, humpishi nusu njia bali njia nzima, na jina la mama mkwe hulitaji hata ukiota. Kazini nilimwamkia nikiwa nimeinama, naye akaitikia akiwa anatazama ziwa.

Siku moja, ikiwa imebaki siku mbili wageni waje, wakaguzi watatu kutoka Ulaya ambao neno lao ndilo lingesema kama minofu yetu inapanda ndege au haipandi, Mzee Masunga aliingia chumba cha kompyuta. Alitaka siku ile ya wageni orodha itoke saa moja mapema, yaani saa kumi na moja alfajiri, ili vibarua wapate muda wa kuoga, kuvaa makoti safi na kufunga nywele vizuri. Wazo zuri kabisa. Mimi nilikuwa nje nachukua chai. Nikayasikia haya nikiwa mlangoni.

"Binti, niwekee saa kumi na moja."

"Mzee wangu, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Niwekee saa kumi na moja."

"Mashine hainiruhusu kubadilisha saa, mzee. Mimi ni mwendeshaji tu. Mwenye uwezo ni kaka Deo."

"Na mimi ni nani humo ndani?"

Leokadia (angekuwa mtu mwingine angeuma ulimi) akasema, "Wewe ni mtazamaji, mzee. Uko chini yangu kidogo."

Akakohoa. Akageuka, akaniona mlangoni na chai yangu. Nikainamisha kichwa.

"Mkwe," akasema, akiutazama ukuta, "nimesimamia watu miaka ishirini na minane. Leo ndani ya mashine unayoilinda wewe niko chini ya mtoto huyu?"

Hapo ndipo ningeweza kusema, baba, niambie tu saa unayotaka, nitaiweka mwenyewe sasa hivi. Ingechukua dakika moja. Lakini nilimwona Kabula mbele yangu, nikaona wajomba wangu wakirudishwa mlangoni, nikaona mama yangu akiniuguza ugonjwa wangu wa useja mpaka kaburini. Nikasema, "Sawa, baba." Nikakaa, nikampandisha cheo. Sikumpa uendeshaji, maana angelingana na Leokadia na hilo nalo lingekuwa tusi. Nikampa usimamizi mkuu.

Leokadia alinitazama kwa jicho la pembeni. Mzee alipotoka akaninong'oneza, "Kaka Deo, ng'ombe wangapi hao uliowalipa leo?"

"Nyamaza wewe."

"Nimenyamaza. Ila ukipata tabu usiniite."

Kesho yake mchana Mzee Masunga alikuja kuketi kwenye mashine mwenyewe. Na mimi, kwa kuwa mkwe hasimami nyuma ya mkwe akamchungulia anachofanya kama mwalimu wa zamu, nilitoka nje. Leokadia nikamtuma stoo. Mzee alikaa humo ndani karibu nusu saa, na alipotoka alikuwa ameridhika, akasema, "Tayari," akaenda zake. Nilipaswa kuingia nikague. Sikukagua. Niliona kukagua kazi ya mkwe ni kumwambia sikuamini. Jioni nikarudi Mkolani, nikapiga pasi shati jeupe na tai ya kuazima, nikalala usingizi wa mtu mwema.

Asubuhi nikashtuliwa na mlango kupigwa. Alikuwa Leokadia mwenyewe, juu ya baiskeli ya Afande, sketi imekunjwa magotini, jasho linamtiririka.

"Kaka Deo, orodha haijatoka."

"Haijatoka vipi?"

"Haijatoka! Nimejaribu kuiwasha kwa mkono inanikatalia, inasema kazi si yako. Watu wamejaa getini. Afande hafungui."

Nilipanda baiskeli ile nikamweka Leokadia nyuma, tai inapepea, na njia nzima alikuwa ananihimiza kama mtu anayeswaga punda. Tulipofika, ilikuwa inakaribia saa mbili na nusu, na geti lilikuwa tupu. Sikuelewa. Watu mia tatu, hakuna hata mmoja, ila ndala moja ya bluu katikati ya njia.

"Wameondoka," Afande akasema, kakakamaa. "Wamesema kiwanda kimeuzwa."

Ndivyo ilivyokuwa. Miaka ile kila mtu alikuwa na ndugu aliyefika kazini asubuhi akakuta geti limefungwa na kazi imekwisha. Walisubiri orodha saa kumi na moja, haikuja. Wakasubiri saa kumi na mbili, ikafika saa moja, bado haijaja, halafu mmoja akakumbuka kwamba leo kuna wazungu wanakuja, na mwingine akasema ndio wanunuzi wenyewe hao, na wa tatu akaanza kulia, na wakati jua limepanda wote walikwisha kutawanyika, wengine wakienda kutafuta kibarua kwingine kabla nafasi hazijaisha.

Nikakimbilia kwenye mashine. Nikaandika jina langu na neno langu la siri, ikanikubali, nikafungua ORODHA YA GETI nikaona saa iliyowekwa. 11:00.

Nikashika kichwa. Mzee Masunga alitaka saa kumi na moja, akaandika kumi na moja, kama kila mtu mwenye akili timamu kwenye nchi hii angefanya. Na mashine, ambayo huhesabu saa zake kuanzia usiku wa manane kama Wazungu, ilikuwa imeelewa saa tano ya asubuhi na imetulia inasubiri. (Baadaye aliniambia aliona tumeandika 06:00 akatuonea huruma, akadhani ni kosa ambalo hatujaligundua, kwa sababu mashine iliyoandikwa Kiswahili kwenye kioo chake kote ingesomaje saa kwa Kizungu? Kiswahili nilikiweka mimi.)

Nikasema basi, nabadilisha. Mashine ikakataa. Nikajaribu tena. Ikanijibu, kwa adabu kabisa, kwamba cheo changu ni mtazamaji.

"Leokadia," nikasema, "mimi ni nani humu ndani?"

Akachungulia. Akafunika mdomo kwa kiganja, nadhani alikuwa anacheka, au analia. "Uko chini yangu kidogo, kaka."

Nikaelewa. Mzee Masunga alifungua orodha ya wasimamizi wakuu akakuta majina mawili, lake na langu, yamepangwa pamoja. Na mkwe na mkwe hawakai benchi moja. Hilo analijua mtoto wa miaka saba. Kwa hiyo, kwa heshima, tena kwa kunisitiri mimi nisionekane mkosa adabu, alinishusha. Na kwa kuwa alikwisha kuihifadhi ile kazi kwa jina lake, ikawa mali yake, na Leokadia naye hakuwa na ruhusa ya kuiwasha. Kwenye mashine nzima mtu mmoja tu ndiye angeweza kufanya kitu, na mtu huyo alikuwa uwanja wa ndege na meneja wakipokea wageni.

Walifika saa tatu. Meneja wetu alishuka kwanza, anatabasamu, kisha wageni watatu, kisha Mzee Masunga ndani ya suti ya kijivu ya enzi za ushirika. Tabasamu la meneja lilikufa lilipokutana na ukumbi wa kukatia samaki, meza zote nyeupe, tani za sangara kwenye barafu, na hakuna binadamu.

"Watu wako wapi?"

Leokadia akamweleza kwa kifupi. Wote wakamiminika kwenye chumba changu, wageni nao wakafuata wakidhani ndio mwanzo wa ziara. Mzee Masunga akaketi, akapapasa mifuko ya suti. Miwani ilikuwa kwenye koti la kila siku, nyumbani.

"Mkwe," akasema bila kunitazama, "andika wewe."

"Neno lako la siri ni lipi, baba?"

Akakohoa, lakini safari hii ilikuwa kikohozi cha mtu aliyekwama.

"Ni jina la mama yako mkwe."

Jamani. Nilinyanyua mikono kutoka kwenye vibonye kama vina moto. Kulitaja siwezi, na kuliandika herufi kwa herufi mbele ya mumewe, na wageni kutoka Ulaya wakinitazama vidole, ni bora ningevuliwa nguo. Nikasimama, nikageukia ukuta. Meneja akasema, "Deo, unafanya nini?" Mgeni mmoja akaandika kitu kwenye kijitabu chake.

"Ninong'oneze mimi, mzee," Leokadia akasema, akakaa. Akanong'onezwa. Akaandika. Ikakataa. Akaandika tena. Ikakataa. Mara ya tatu mashine ikalifunga jina la Mzee mpaka jioni, maana ndivyo nilivyoipanga, kuwakomesha wezi. Kumbe siku Mzee anaweka neno lile kitufe cha herufi kubwa kilikuwa kimebonyezwa, na yeye hakujua kama kuna kitufe cha namna hiyo.

Meneja akatutazama mmoja mmoja. Kisha akavua koti lake la suti na kusema kwa sauti ya chini, "Ofisi nzima. Mabuti na visu."

Mmewahi kumpasua sangara? Mimi nilikuwa sijawahi, licha ya kula mshahara wake kwa muda wote ule. Akina mama wale humtoa mnofu kwa mikato minne kama wanafungua kitabu. Sisi tulikuwa mhasibu, dereva, mpishi wa kantini, Leokadia, baba mkwe wangu ndani ya suti na aproni, na mimi na tai yangu iliyotumbukia ndani ya tumbo la samaki. Samaki wangu wa kwanza alinitoka mikononi akiwa mzima wa kilo kumi na kitu, akateleza juu ya sakafu iliyolowa, taratibu, kwa heshima, mpaka akasimama kwenye viatu vya mgeni mkubwa. Mgeni akamtazama samaki. Samaki akamtazama mgeni. Nikaenda kumchukua nikasema, "Samahani," nami nikaanguka.

Nilikuwa bado niko chini niliposikia kutoka getini kelele za mbuzi anayechinjwa. Nikatazama saa ya ukutani. Saa tano kamili. Dakika mbili baadaye Afande aliingia kwa mwendo wa gwaride, karatasi ndefu inaburuzika nyuma yake, akapiga mguu mbele ya wageni, akapiga saluti, akatangaza kwa sauti iliyofika mpaka kwa wavuvi:

"Mheshimiwa! Orodha imetoka!"

Kulikuwa na vibarua wachache waliokuwa wamerudi kuchungulia dirishani kuona kama kiwanda kimeuzwa kweli. Mmoja ni huyu mama wa dagaa.

Mchana meneja alituita ofisini. Alianza na Leokadia, kwa kuwa ndiye aliyekuwa zamu, akamwambia aandike barua ya kujieleza na asije kesho. Binti akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza ya meneja. Mzee Masunga alikuwa anatazama viatu vyake vilivyojaa magamba. Na mimi nilijua kwamba nikinyamaza dakika moja zaidi itapita hivyo.

"Si yeye," nikasema. "Cheo nilikitoa mimi. Nilionywa nisitoe, nikatoa, na sikukagua. Yeye alinikanya."

"Kwa nini ulitoa?"

Nikamtazama baba mkwe, kisha nikakumbuka kwamba hatazamwi, nikatazama dirisha. "Nilishindwa kukataa."

Wageni, nashukuru Mungu, walirudi kesho yake wakakuta akina mama kwenye meza zao, na minofu ikapanda ndege. Leokadia alibaki. Wajomba zangu waliitwa mwezi uliofuata, na siku ng'ombe wanapelekwa Mzee Masunga aliwapitia wote, akamshika pembe mtamba mwekundu aliyekuwa mzuri kuliko wenzake, akasema, "Huyu arudi na mwenyewe." Mpaka anafariki hatukuwahi kuizungumza siku ile zaidi ya lile la saa.

Kabula niko naye. Hivi ninavyoandika ananiita chakula mara ya pili. Tumelea watoto wanne, tuna mashine ndogo ya kukoboa mpunga Magu, na sina njaa wala deni la kumkimbia mtu. Watoto wangu wote nimewafundisha kumwambia mkubwa "hapana" wakiwa wameinama, kwa sauti ya adabu, lakini wakaisema.

Maana siku ile meneja alinyoosha mkono, nikampa ufunguo wa chumba cha kompyuta. Nilihamishiwa kwenye mizani, kupima kreti, na baada ya mwaka nikaacha. Ile nafasi ya kwenda kusomea mashine zile kwa mwaka mzima, ambayo ilikuwa yangu kwa maneno na ilibaki kusainiwa, alipewa Leokadia, na aliistahili. Sikuajiriwa tena mahali popote kulinda seva. Ilikuwa ndiyo kazi pekee niliyowahi kuipenda, na niliipoteza kwa kusema "Sawa, baba."